Riwaya si ushuhuda: namna ya kusoma hadithi za Kikristo zinazobeba imani na mashaka

Mara ya kwanza niliposoma Silence, riwaya ya Mjapani Shusaku Endo, niliifunga kabla ya kurasa za mwisho na kuirudisha kabatini kwa hasira. Padri niliyemfuata tangu ukurasa wa kwanza, nikamwombea kimoyomoyo kana kwamba ni jirani yangu, alikuwa ameweka mguu juu ya sura ya Kristo. Mimi nimekulia kwenye habari za mashahidi wa Namugongo, vijana waliochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 wakakataa kuikana imani. Padri wa namna hii sikuwa na pa kumweka. Kitabu kikakaa kabatini miaka miwili, hadi rafiki yangu aliponiuliza, "Yale maandishi ya mwisho uliyaelewaje?" Maandishi gani? Sikuwa nimeyafikia.

Mwongozo huu ni wa kukuepusha na kosa hilo na mengine yanayofanana nalo. Nitataja miisho ya vitabu kadhaa bila kuficha, kwa hiyo kama hupendi kuambiwa mwisho kabla hujafika, soma hatua mbili za kwanza kisha urudi ukishamaliza kitabu chako.

Kwanza tuseme tatizo lenyewe. Wengi wetu tumezoea kusikia habari za imani kwa mtindo mmoja tu, nao ni ushuhuda. Tangu Uamsho ule wa miaka ya 1930 ulioanzia Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, Tanganyika na Kenya pamoja na wimbo wa Tukutendereza, tunajua ushuhuda unavyokwenda: nilikuwa hivi, yakanipata haya, Bwana akanitoa, haleluya. Tangu sentensi ya kwanza unajua aliyesimama mbele ameshatoka shimoni. Asingekuwa ametoka, asingepewa kipaza sauti. Mwandishi wa riwaya hakupi uhakika huo. Anakushusha shimoni pamoja na mhusika, na pengine anakuacha hukohuko. Ukiisoma riwaya kama unavyosikiliza ushuhuda, utaona umeibiwa, na utamlaumu mwandishi kwa kukunyima kitu ambacho hakukuahidi.

Hatua ya kwanza: chagua kitabu kwa swali ulilonalo

Usianze na kitabu kinachosifiwa kuliko vyote. Anza na kinachogusa swali linalokukosesha usingizi sasa hivi, au angalau linalokufanya utazame dari.

Kama hujawahi kabisa kusoma hadithi ndefu ya imani, anza na Safari ya Msafiri ya John Bunyan. Sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1678. Bunyan alikuwa amekaa gerezani Bedford, Uingereza, miaka kama 12 kwa kuhubiri nje ya utaratibu wa kanisa la serikali. Katikati ya safari mhusika wake aitwaye Mkristo na mwenzake wanachoka na njia yenye mawe, wanaona majani laini ng'ambo ya ua, wanaruka. Usiku unawakuta, mvua inanyesha, na asubuhi wanakamatwa na jitu liitwalo Kukata Tamaa, linawafungia ndani ya Ngome ya Mashaka tangu Jumatano asubuhi hadi Jumamosi usiku, bila mkate wala tone la maji. Wanaomba usiku kucha, na karibu na mapambazuko Mkristo anashtuka: kumbe muda wote alikuwa na ufunguo kifuani, jina lake Ahadi. Unafungua kila mlango. Kufuli la lango la nje tu ndilo gumu kuzunguka. Kajambo hako nakapenda, maana Bunyan, pamoja na uhakika wake wote, hakutaka kutudanganya kwamba kutoka ni rahisi.

Angalia shaka ni nini kwa Bunyan: ni mahali. Unaingia kwa kuacha njia, unatoka kwa ufunguo, unaendelea na safari. Riwaya nyingi zilizoandikwa baadaye zinalichukulia jambo hili kwa namna nyingine kabisa. Humo shaka ni mwenza wa safari. Anakula nawe, analala nawe, na siku ya mwisho yupo kitandani kwako. Ukijua mapema uko kwenye hadithi ya aina ipi, hutakaa ukisubiri ufunguo ambao haupo.

Anayeomba bila kusikia chochote, namwelekeza kwa Endo. Kwa aliyevunjwa moyo na watumishi wa Mungu yupo Graham Greene na The Power and the Glory (1940), kuhusu padri mlevi, mwenye mtoto, anayewindwa Mexico wakati serikali ya jimbo imepiga marufuku ukuhani. Mwenye uchungu wa mateso ya watoto hawezi kumkwepa Dostoevsky, Mrusi aliyeandika Ndugu Karamazov. Aliyechoka tu, au anayemuuguza mzazi, namshauri Gilead ya Marilynne Robinson, iliyotoka mwaka 2004 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ni kitabu cha polepole, kama kukaa barazani na mzee jioni.

Na anayevutwa huku na mila za kwao, kule na kanisa, achukue The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1965). Si riwaya ya Kikristo kwa maana ya duka la vitabu vya kanisa, lakini Muthoni wa humo, binti wa mhubiri, anayetaka kuwa na Yesu na papo hapo awe mwanamke kamili mbele ya watu wake, ana swali la imani kuliko wahusika wengi wa vitabu vyenye msalaba kwenye jalada. Baba yake, Joshua, hana shaka hata chembe. Mwangalie vizuri huyo, uone uhakika wake unamfikisha wapi na binti yake.

Hatua ya pili: jiandae kidogo, usijiandae sana

Unahitaji nusu saa ya historia, basi. Kwa Silence inatosha kujua haya: mmisionari Francis Xavier alifika Japani mwaka 1549, waumini wakaongezeka haraka, kisha mwaka 1614 Ukristo ukapigwa marufuku nchi nzima. Maofisa waliweka chini bamba lenye sura ya Yesu au Maria, liitwalo fumie, wakawaamuru watu walikanyage. Anayesita anajulikana. Mwaka 1633 Christovão Ferreira, mkuu wa Wajesuiti waliokuwa bado wamejificha huko, aliikana imani baada ya kuning'inizwa kichwa chini ndani ya shimo kwa saa kadhaa. Huyo ni mtu wa kweli, si wa kubuni. Riwaya inaanzia kwenye habari zake kufika Roma, na mapadri vijana waliokuwa wanafunzi wake kusema: haiwezekani, twende tukaone.

Dibaji isome mwisho. Waandishi wa dibaji wana tabia ya kukueleza kitabu kizima kabla hujakifungua, tena kwa sauti ya mtu aliyeshakata shauri. Sinema nayo iache kwanza. Sinema ya Silence ya mwaka 2016 inafunga kwa picha ya msalaba mdogo mkononi mwa maiti, jambo ambalo kitabuni halipo. Picha hiyo ikikaa kichwani, utalisoma jibu la mwongozaji mahali ambapo Endo aliacha pengo kwa makusudi.

Wengi wetu vitabu hivi tunavisoma kwa Kiingereza, na hilo lina hatari yake: mtu anapita juu ya maneno mazito kwa sababu hayamchomi. Dawa yake ni ndogo. Ukifika kwenye sala au maungamo, simama, yaseme kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unavyosali mwenyewe. Mara nyingi utagundua kwamba sentensi uliyoiona ya kawaida usingethubutu kuitamka mbele ya watu.

Hatua ya tatu: uliza ni nani anayesema, na anamwambia nani

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo nilipoangukia mimi.

Chukua penseli. Kila sura ikianza, andika pembeni: ni "mimi" au ni "yeye"? Katika Silence utaona hivi. Mwanzoni, baada ya maelezo mafupi ya msimulizi, tunasoma barua za padri Rodrigues mwenyewe. Ni "mimi" mtupu: njaa yangu, chawa wangu, hofu yangu, uso wa Kristo ninaoufikiria usiku. Halafu anakamatwa, barua zinakatika, na "mimi" inageuka kuwa "yeye". Bado tunajua anachowaza, ila sasa kuna mtu anatusimulia, kama vile mlango umerudishwa nusu. Baada ya fumie mlango unazidi kufungwa. Yanakuja madondoo ya shajara ya karani wa Kiholanzi aliyeko Nagasaki. Mwisho kabisa ni kumbukumbu za ofisa wa nyumba walikofungiwa Wakristo waliokana: nani alilinda zamu, nani aliumwa, nani aliandika hati gani. Padri wetu humo ana jina la Kijapani, Okada San'emon, na anatajwa kama bidhaa kwenye leja ya stoo.

Kurasa hizo ndizo nilizoziruka. Zinachosha, lugha yake ni ya ofisini, na aliyezoea ushuhuda anaona hadithi imeshakwisha pale mguu ulipogusa bamba. Lakini soma polepole. Katikati ya orodha za zamu na upekuzi anatajwa Kichijiro, yule mwoga aliyemuuza padri, aliyekanyaga kila alipoambiwa kanyaga, na kila mara akarudi akilia aungamishwe. Anapekuliwa, na kwenye kifuko alichovaa shingoni kunakutwa sanamu ya watakatifu. Basi. Karani anaandika, anaendelea na mambo mengine. Endo, Mkatoliki aliyebatizwa akiwa mtoto, ameyaweka maungamo makubwa ya kitabu kizima kwenye kalamu ya mtu asiyejua anachoandika.

Ndiyo maana namna ya usimulizi si jambo la walimu wa fasihi peke yao. Imani iliyoonekana kwa ndani mwanzoni inaonekana kwa nje mwishoni, na kwa nje haionekani. Anayepekua anaona kifuko tu. Sasa ni wewe msomaji unayepaswa kuamua kilichomo, na uamuzi huo utakueleza mengi kukuhusu wewe kuliko kuhusu Kichijiro.

Jaribu zoezi hilohilo kwa Gilead. Kitabu chote ni barua ya mchungaji John Ames, mzee wa miaka 76, ambaye moyo wake unaelekea kusimama, akimwandikia mwanawe ambaye hajatimiza miaka saba. Ni mwaka 1956, mji mdogo wa Iowa, Marekani. Ames ni mtu mwema, na wema wake ndio mtego. Kwa kuwa anaandika vizuri na anasali vizuri, unaamini kila anachosema kuhusu Jack, mtoto wa rafiki yake, aliyerudi nyumbani na historia mbaya. Kumbe Jack kuna jambo amekuja nalo na anatafuta wa kumwambia: ana mke mweusi na mtoto, na anataka kujua kama mji huu utawapokea. Mchungaji amekesha kurasa mia mbili akimwogopa mtu ambaye alihitaji kuulizwa swali moja tu. Tia alama kila mahali Ames anapomhukumu Jack, kisha uzirudie alama hizo ukishajua.

Hatua ya nne: tafuta shaka mwilini, usiitafute kwenye hoja

Tumezoea kudhani shaka huja kwa maswali: je, Mungu yupo, kwa nini anaruhusu haya. Kwenye riwaya nzuri huja kwa sikio, kwa tumbo, kwa ngozi. Katika Silence, Mokichi na Ichizo, wanakijiji wawili, wanafungwa kwenye nguzo baharini ili maji yakijaa yawamalize polepole. Mokichi anaimba hadi sauti inakatika. Kinachomtikisa padri aliyejificha si falsafa. Ni bahari, inayoendelea kuvuma vilevile kama jana, kama vile hakuna kilichotokea. Mtu wa pwani anaelewa hapo bila kuelezwa.

Baadaye, usiku wa mwisho kabla hajakanyaga, Rodrigues yuko ndani ya chumba cha giza akisikia mkoromo. Anadhani ni mlinzi amelewa na kulala fofofo, na anakaribia kucheka: mimi nakesha kwa ajili ya Kristo, huyu anakoroma. Kisha anaambiwa kwamba si mkoromo. Ni kilio cha Wakristo walioning'inizwa shimoni, na watashushwa yeye akikubali kukanyaga. Humo chumbani, gizani, vidole vyake vimepapasa maneno ya Kilatini yaliyochongwa ukutani, Laudate Eum, yaani msifuni. Aliyeyachonga ni Ferreira, usiku wake yeye.

Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike "hapa anatilia shaka upendo wa Mungu". Andika: "mkoromo, uk. fulani". Ukifika mwisho utakuwa na orodha ya vitu: bahari, mkoromo, ukuta, jogoo. Orodha hiyo itakukumbusha kitabu miaka kumi baadaye, wakati maelezo ya dhamira utakuwa umeshayasahau.

Gawa na ukurasa wa daftari katikati. Kushoto andika mhusika anachosema kuhusu imani yake, kulia anachofanya. Padri wa Greene kila siku anajiambia amelaaniwa, hafai, kiburi kimemwoza. Upande wa kulia: ameshavuka hadi jimbo la jirani, yuko salama, anaitwa akamwungamishe jambazi anayekufa, anajua wazi ni mtego, na anapanda nyumbu kurudi. Kuna siku nilimwonyesha kijana mmoja safu hizo mbili. Alizitazama kwa muda, akasema, "Kumbe mtu anaweza kuwa na imani asijue." Sikuongeza neno.

Greene ana jambo jingine la kutufaa sisi watu wa ushuhuda. Ndani ya riwaya yake yumo mama anayewasomea watoto kitabu cha siri kuhusu kijana shahidi aitwaye Juan, mtakatifu tangu utotoni, asiye na doa. Mabinti wanasikiliza. Mtoto wa kiume, Luis, anapiga miayo. Siku padri mlevi anapopigwa risasi uani, mama anamaliza kusoma kifo kizuri cha Juan. Usiku huohuo mlango unabishwa, Luis anafungua, ni padri mpya, na mtoto anambusu mkono. Vitabu viwili vya imani, kimoja ndani ya kingine, na Greene anatuachia sisi tuone kipi kilimwamsha mtoto.

Hatua ya tano: mpe mpinzani nafasi yake yote

Kwa Dostoevsky kuna kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Wanachukua sura ya Mwulizaji Mkuu kutoka Ndugu Karamazov, yaani hadithi ambayo mhusika Ivan anaisimulia kuhusu kardinali anayemhoji Kristo, wanaisoma peke yake, na kusema Dostoevsky alishinda au alishindwa. Usifanye hivyo. Kitabu cha Tano na cha Sita katika riwaya hiyo visomwe ndani ya wiki moja, kwa mpangilio wake. Katika cha Tano, Ivan anamwambia mdogo wake Alyosha habari za watoto walioteswa, na kwamba hata kama mwisho wa yote utakuwa amani, bei hiyo ni kubwa mno. Yeye anarudisha tiketi yake ya kuingia kwenye amani hiyo. Katika cha Sita tunapewa maisha na mafundisho ya mzee Zosima, mtawa anayekaribia kufa. Hajibu hoja hata moja kwa hoja. Mwandishi mwenyewe alikikusudia kiwe jibu, akawa na wasiwasi kama kingetosha.

Kwa nini asimdhoofishe Ivan kidogo ili ushindi uwe rahisi? Mwezi Mei 1878 Dostoevsky alizika mtoto wake wa kiume, hajafika miaka mitatu, aliyekufa kwa kifafa, ugonjwa wa baba yake. Jina lake Alyosha. Wiki chache baadaye alisafiri kwenda monasteri ya Optina, kisha akaandika riwaya hii. Mtu aliyetoka kumfukia mwanawe hawezi kumpa Ivan hoja nyepesi.

Kwa vitendo: unapofika kwenye hotuba ya mwenye shaka, usitafute jibu kwa siku mbili. Isome mara ya pili, uiseme kwa maneno yako hadi mwenye hoja, kama angekuwepo, akubali kwamba umemwelewa. Baada ya hapo ndipo uendelee. Mwulizaji Mkuu anaongea kurasa nyingi mbele ya Kristo, na Kristo hasemi kitu, anambusu tu. Ukiwa umeharakisha hotuba, busu hilo litakuwa nyepesi kama karatasi.

Hatua ya sita: Biblia mezani, lakini kwa kazi yake

Weka Biblia karibu, si kwa ajili ya kumtafutia mhusika aya ya kumnyamazisha. Itafute aya ambayo mwandishi anaigusa. Jogoo anawika Rodrigues anapokanyaga: rudi usome Petro uani kwa kuhani mkuu, na usome pia alikoishia. Padri huyo anasumbuliwa kitabu kizima na maneno ya Yesu kwa Yuda, unalotenda litende upesi. Yasome katika Yohana 13 na uulize kwa nini hayampi raha. Ames anahubiri juu ya Hajiri na Ishmaeli, baba anayemwacha mtoto jangwani. Fungua Mwanzo 21 na umkumbuke Jack.

Kisha kuna maandiko ambayo mahubiri mengi huyapita haraka. Zaburi 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila haleluya. Ayubu anaongea sura baada ya sura, na Mungu anapokuja, hasira yake inawaka juu ya wale rafiki waliojiona wana majibu sahihi. Baba wa mtoto mwenye pepo katika Marko 9 anasema kwa pumzi moja, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto anaponywa. Mtu akikuambia riwaya ya mashaka haiwezi kuwa ya Kikristo, msomee hizo tatu kwa sauti, umwachie chai yake.

Hatua ya saba: kitabu kikigusa kidonda

Kuna siku utafunga kitabu si kwa hasira bali kwa sababu kimesema jambo lako. Funga. Hakuna tuzo ya kumaliza usiku huo. Andika tarehe na ukurasa, lala, urudi mchana.

Tofautisha mambo mawili, ingawa mara nyingi huenda pamoja. Shaka inauliza, sonona inakuzimia taa. Kama umepoteza usingizi kwa majuma, chakula hakipiti, unajiona mzigo kwa watu wako, hilo halihitaji riwaya nyingine wala maombi peke yake. Mwone daktari au mshauri, na umwambie mtu wa nyumbani leo. Kwa shaka ya kawaida, tafuta mtu mmoja anayeweza kusikia bila kukimbilia kukuwekea mikono. Si lazima awe mchungaji. Kwangu alikuwa shangazi yangu, aliyeishia darasa la saba, aliyenisikiliza hadi mwisho akasema, "Hata mimi niliacha kusali mwaka mzima baba yako alipofariki. Kanisani nilikuwa naenda kupeleka sauti tu kwenye kwaya."

Hatua ya nane: soma na wenzako, kwa masharti

Kitabu cha mashaka kikisomwa na mtu mmoja kinaweza kulemea. Kikisomwa na watu 40 kinageuka semina. Watano hadi wanane wanatosha. Silence ina kurasa 200 hivi. Kwa kurasa 40 kila juma mnaimaliza kwa majuma matano, na la sita mnaliacha kwa kurasa zile za mwisho peke yake. Kama vitabu ni viwili kwa watu sita, gawaneni zamu za siku, au mmoja asome kwa sauti wengine wakisikiliza. Sura zenye barua zinasikika vizuri hivyo.

Kikundi chetu cha kwanza kilikufa jioni ya tatu. Tulikutana kwenye chumba cha kanisa fulani, na mzee mmoja alikuja na karatasi yenye aya 12 za kuthibitisha kwamba Rodrigues amepotea. Alikuwa hajasoma kitabu. Jumamosi iliyofuata walirudi watu wawili. Tulipoanza upya, nyumbani kwa mtu safari hii, na uji mezani, tulikubaliana mambo matatu. Anayesema lazima ataje ukurasa, "ukurasa wa ngapi?" ikawa salamu yetu. Swali la "je, ameokoka?" linangoja mkutano wa mwisho. Na sala ya kufunga isimsahihishe aliyeongea. Hilo la tatu lilikuwa gumu kuliko yote, maana sisi tumezoea kupeleka majibu kwa njia ya sala: "Bwana, msaidie ndugu yetu aelewe kwamba..." Mwenyeji wetu alilimaliza kwa kuamua tufunge kwa zaburi, isomwe na anayefuata kwa zamu, bila maelezo.

Mwulize kila mmoja swali moja kabla ya kuondoka: ni ukurasa gani usingependa mtoto wako ausome, na kwa nini? Linazaa maongezi kuliko "umejifunza nini", ambalo kila mtu ana jibu lake tayari tangu Shule ya Jumapili.

Jioni ya sita tulisoma kumbukumbu za yule ofisa. Aliyesoma alizisoma kama zilivyo, sauti ya karani, majina na zamu. Alipofika kwenye kifuko cha Kichijiro akapita, kwa kuwa karani naye anapita. Mama mmoja aliyekuwa akimenya machungwa kwenye kona akainua kisu. "Hebu rudi nyuma kidogo," alisema. "Kilikuwa shingoni?"